Aliyeonja Kila Beseni la Kamba

Jirani wa ukuta mmoja anadai Bi Chapuchapu alitiliwa kitu. Anasema alisikia kikohozi, kiti kikaanguka, halafu kimya. "Mtu mzima ale kamba watatu afe? Hapo pana mkono wa mtu."

Wasikilizaji wapendwa, hapakuwa na mkono wa mtu. Na hilo ndilo linalomnyima usingizi binti wa marehemu.

Bi Chapuchapu alimenya kamba kiwandani miaka ishirini na sita. Nasema tena, ishirini na sita, mbele ya meza ileile ya bati, maji ya barafu yakimchuruzika hadi viwikoni. Kabla ya kuanza beseni, alichemsha kamba mmoja kwenye kikombe chake, akaonja. Kamba huyo akiwa na harufu, beseni zima lilirudi. Wenzake wakinung'unika, aliwapasha: "Huyu ni protini tupu, mafuta kiduchu! Ana madini joto, ana vitamini ya kujenga damu. Mtampata wapi mwingine? Nyie endeleeni na soda zenu."

Na kweli, wasikilizaji. Kamba ni chakula bora. Kwa walio wengi, ni chakula bora.

Mikono ilipoanza kumwasha, alilaumu sabuni. Kifua kilipopiga mluzi, alilaumu barafu. Siku moja midomo ikamvimba. Mdogo wake akamtania, "Dada, leo umembusu nyuki?" Wakacheka mpaka machozi. "Sasa kila nikikumbuka kile kicheko," anasema mdogo wake, "natamani kujificha."

Wiki tatu baadaye, nyumbani kwake, akila kamba wa mchana, koo lilimziba. Daktari aliwaambia ni mzio. Mwili unaweza kukivumilia kitu miaka mingi, kisha ukakikataa.

Binti anamenya kwenye meza ileile. Tangu mazishi, kila asubuhi hukunjua vidole dirishani na kuvikagua kimoja kimoja. Jumamosi aliona vipele vyekundu kwenye kifundo cha mkono. Akavisugua, labda ni uchafu. Havikutoka. Mwanawe wa miaka minne akauliza, "Mama, mbona umevaa sweta?" Akamjibu ni baridi. Jua lilikuwa kali.

Jumatatu alimfuata msimamizi, akapandisha mikono ya sweta. "Kaka, nakuomba unihamishie kwenye kufunga masanduku. Kabla kifua hakijaanza." Msimamizi aliitazama ile mikono, akayatazama mabeseni yaliyojipanga, akaenda zake.

Poleni, familia. Poleni, mliosimama naye kwenye ile baridi. Nawe unayesikiliza huku ukijikuna, au unayevimba midomo kila ukila kitu fulani, usiishie kuilaumu sabuni. Kamwone daktari leo, ungali unapumua vizuri.

Leo ni Ijumaa. Binti yuko mezani, glovu mbili kila mkono, anapumua taratibu ili asikie kama kuna mluzi. Kila mlango ukifunguka anainua kichwa. Msimamizi amepita mara nne. Hajamjibu.