Glasi Moja ya Mchana

Wasikilizaji wapendwa, karibuni tukae. Kama una chai, isogeze karibu. Leo namkumbuka mama mmoja mpiga pasi, na nasema mapema msije mkanilaumu: habari yake inauma.

Kazini walimwita Nyoosha. Jina alilitafuta mwenyewe. Hakuweza kuona mkunjo akanyamaza. Akija kwako kukupa pole ya msiba, mkono mmoja umekushika bega, wa pili unanyoosha kitambaa cha meza yako. Alikuwa kwa dobi mkubwa wa mji, chumba cha pasi. Wanawake wamesimama mezani kutwa, pasi za mkaa zinafuka, jasho linashuka mpaka visiginoni. Maji ya bomba pale yalinuka. Kwa hiyo tajiri wao aliweka desturi: kila mpiga pasi, mchana, glasi moja ya bia. Glasi moja. Shikeni hapo.

Mumewe alikuwa fundi viatu, na pombe hakuigusa hata tone. Baba yake mzazi alikuwa ameinywa nyumba nzima, mabati na milango. Kwa hiyo fundi alioa kwa sharti: pombe isiingie kwake. Nyoosha akacheka, akamwambia, "Ya kazini itaishia kazini. Itatoka na jasho." Wakaelewana, wakapata binti mmoja.

Basi mwaka ule miguu ya Nyoosha ikaanza kuwaka moto. Alidhani ni kusimama. Fundi akamkatia makubazi ya ngozi laini, akapiga goti, akamvisha mwenyewe. Hayakusaidia. Ikaja ganzi ya vidole. Siku moja wenzake walisikia harufu ya kuungua, wakaangalia mashati. Halikuwa shati. Pasi ilikuwa imekaa juu ya mkono wake wa kushoto, na yeye anaendelea na mazungumzo, hajahisi kitu.

Daktari alitazama miguu. Akatazama viganja, vimekuwa vigumu, vinabambuka. Akauliza swali moja tu.

"Unakunywa?"

"Glasi moja mchana, daktari."

Daktari akatabasamu, akamgeukia mume. "Wote husema moja."

Hapo ndipo neno "mlevi" lilipoingia nyumbani. Fundi alipekua chini ya kitanda, kwenye pipa la unga, nyuma ya ndoo. Hakupata chupa. Badala ya kutulia, akaona mkewe ni hodari wa kuficha kuliko alivyodhani. Akamzuia kwenda kazini. Sasa sikilizeni, jamani: alipokaa nyumbani, bila ile glasi, Nyoosha akapata nafuu. Akatembea. Akaweza hata kushika sindano. Mtaa ukasema, si mnaona? Ameacha chupa, amepona. Lisemwalo lipo. Jambo lililotosha kumsafisha ndilo walilotumia kumpaka matope, na mimi kila nikifika hapa nasikia hasira, nisiwafiche.

Akarudi kazini. Joto lile lile, maji yananuka, tajiri anagawa. Akanywa glasi yake. Moja. Miguu ikalegea tena, na safari hii hakuinuka. Fundi alipopata habari kwamba amekunywa, alihamishia godoro lake kwenye karakana ya viatu. Aliyemuuguza ni wifi yake, dada wa fundi. Miaka baadaye alimsimulia binti wa marehemu: "Nilikuwa namwosha. Nikamwuliza kwa upole, wifi, hakuna nyingine uliyokuwa ukinywa? Akaniangalia, akasema, hata wewe? Nilimpenda sana mama yako, lakini nilinyamaza."

Kumbe mji mzima ulikuwa na wagonjwa. Nyumba hii mpiga pasi mwenzake, ile mwashi, nyingine mama anayenyonyesha, aliyeambiwa bia huongeza maziwa. Miguu ile ile inayowaka, ganzi ile ile. Lakini nani atoke barabarani aseme kwangu kuna mlevi? Kila nyumba ilimfungia wake ndani. Waliosema mficha maradhi kifo humuumbua hawakukosea. Laiti majirani wawili tu wangeambiana ukweli kwenye foleni ya mkate, huenda watu wengi wangepona.

Nyoosha alipoona nguvu zinamwisha, aliagiza mumewe aitwe. Binti alikuwa ameketi kwenye kitanda, miguuni pa mama yake, akasikia yote.

"Sitaki dawa," mama alisema. "Nataka uniambie tu. Nilikuwa nakunywa glasi moja. Unaniamini?"

Fundi alisimama mlangoni, kofia mkononi. Akasema, "Pumzika kwanza. Tutaongea."

Hawakuongea. Alizikwa na jina la mlevi.

Mwezi haukuisha, ukweli ukatoka. Daktari mwingine, hospitalini, alishangaa kuona wanywaji wa pombe kali, wale wa kulala mitaroni, miguu yao ni mizima. Waliougua ni watu wa bia, wengine bia kidogo tu. Bia ikapimwa. Kiwanda kilikuwa kinaitia sukari iliyotengenezwa kwa tindikali, na ile tindikali ilikuwa na aseniki. Narudia: ilikuwa na aseniki, sumu ya kuulia panya. Hakuna aliyekusudia kuua. Mtu alinunua tindikali rahisi, hakuuliza ina nini. Watu wengi sana wakafa, na wengine wakaishi bila miguu yao kuwa na kazi.

Wasikilizaji wapendwa, yule binti leo ni bibi mwenye wajukuu. Alikuja hapa studio, akaketi kiti hiki kilicho mbele yangu. Bibi, pole sana. Poleni wajukuu na vitukuu wa Nyoosha. Poleni nyote ambao wazee wenu walizikwa kwa aibu isiyo yao, na hamkuambiwa. Na sisi tuliobaki, tujiulize: nyumbani kwetu ni nani ametuambia neno, nasi tukamjibu tutaongea? Basi tuongee naye wakati angali anatusikia.

Nilimwuliza bibi, baba yako je, habari ilipotangazwa? Akanieleza:

"Baba aliishi miaka mingi. Kila mteja aliyeleta kiatu, hata mpita njia asiyetujua, kabla ya kutajiwa bei aliambiwa: mke wangu hakuwa mlevi. Kila mteja. Nilipokuwa msichana mkubwa niliona haya. Nikamwambia, baba, inatosha, watu wote wanajua sasa. Akaendelea kugonga soli. Halafu akasema, hao hawakuniuliza, mwanangu. Aliyeniuliza ni mama yako."