Fundi Nta na Vioo Arobaini vya Tumbo la Kurasa

Tarehe thelathini ya mwezi huu, saa sita mchana, Fundi Nta atarudisha funguo za maabara ya anatomia ya wanyama. Ameitumikia idara hii miaka thelathini na mitatu na miezi minne. Anastaafu kwa sababu umri umefika. Hakuna aliyemfukuza, na naomba hilo lisomwe mara mbili, maana kwenye korido zetu kuna watu midomo yao haina mlango.

Mhariri wa jarida aliniomba nusu ukurasa wa mambo ya kuchangamsha. Mimi ndiye mwosha vyombo wa maabara hiyo, sinki lile nimelisimamia miaka ishirini na mmoja, na shule niliishia darasa la nne. Mjukuu wangu amenyoosha herufi, maneno nimemkataza kuyagusa. Nusu ukurasa haitoshi. Atakayechoka kusoma aende akanywe chai.

Jina la Nta alipewa na wanafunzi kwa sababu ya kazi yake. Anachukua kipande cha utumbo kisichozidi ukucha, anakilaza kwenye dawa kisioze, anakitoa maji, anakizamisha kwenye nta iliyoyeyuka. Nta ikiganda anakikata kwa mashine, vipande vyembamba kuliko ngozi ya kitunguu. Kipande kinaelea juu ya maji ya uvuguvugu, anakiokota kwa kioo, anakitia rangi ya zambarau na ya waridi. Hapo ndipo mwanafunzi anapochungulia kwenye hadubini na kujua kilichomo ndani ya mbuzi wa watu. Madaktari wote wa mifugo waliosomea hapa wamejifunza matumbo kwa mikono yake, hata wale wanaotupita leo na magari wakijifanya hawatuoni.

Ya kuchekesha yapo. Mwaka wake wa tatu alitaka darasa lione urefu wa utumbo mdogo wa ng'ombe, akauosha na kuutandaza kwenye korido. Wa mbwa ulikuwa umeishia mlango wa pili. Wa ng'ombe ulipita milango yote, korido ikaisha utumbo haujaisha, akakata nao kona mpaka ofisi ya msajili, aliyekuwa ndiyo kwanza anafungua mkebe wake wa chakula. Mita arobaini na moja. Msajili yule alistaafu bila kumjibu salamu tena.

Mara nyingine alileta firigisi ya kuku aliyechinjwa nyumbani kwake. Alipoipasua mbele ya darasa, katikati ya mchanga na kokoto ikatoka hereni ya mama mkwe wake. Hereni hiyo ilikuwa imemgombanisha mkewe na wifi yake miezi miwili. Aliiosha, akaipeleka, wakapatana. Wanafunzi wa mwaka ule mpaka leo hawajasahau kwamba firigisi husaga kwa mawe kwa kuwa kuku hana meno.

Kazi yake kubwa ni lile kabati la vioo. Alijiapiza kukusanya njia ya chakula ya wanyama kumi na mmoja, kutoka mdomoni mpaka mwisho, kila sehemu na kioo chake. Mwezi wa kumi na moja mwaka jana alikuwa amemaliza kumi. Alikuwa amebaki ngamia.

Sasa nakuja kwenye lile ambalo hamkuniomba.

Fundi Nta haoni. Miaka minne iliyopita alianza kuona kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Daktari akasema ni presha ya macho, na nuru iliyokwisha kupotea hairudi. Hakumwambia mtu ila mkewe. Kisha siku moja akaniita niache sinki: “Bibi, hebu njoo uchungulie, uniambie unaona nini.” Nikadhani ananitania. Nikamwambia naona vidole vingi vimesimama kama watoto wanaogombea uji. Akacheka, akasema huo ni utumbo mdogo, na vidole hivyo ndivyo vinavyofyonza chakula. Kesho yake akaniita tena. Kuanzia hapo tukawa hivyo. Kukata alikata mwenyewe, kwa mlio wa kisu na kwa kidole gumba juu ya nta. Rangi aliitia kwa kuhesabu dakika. Mimi nilichungulia na kusema, yeye akataja jina na kuandika lebo kwa penseli, herufi kubwa kama za chekechea. Utumbo mpana wa farasi nilimwambia ni visima bila vidole. Koo la mbwa nikamwambia limejaa tezi toka juu mpaka chini. Hatukuharibu kioo hata kimoja miaka mitatu.

Mwaka jana tukaharibu arobaini. Yalikuwa matumbo ya ng'ombe, vioo vya mtihani wa vitendo, vyote vimekatwa kwenye kipande kimoja. Ng'ombe ana tumbo kuu, ambalo ndani limeota ndimi ndogondogo, na ana lile la kurasa, limepangwa kama kitabu. Ukikata ulimi au ukurasa ukautazama kwa hadubini vinafanana, ila ukurasa una mstari wa msuli katikati na ulimi hauna. Yeye alinifundisha hivyo mwenyewe. Siku hiyo sinki lilikuwa limefurika na mimi nilikuwa na haraka. Nikatupa jicho moja, nikasema ni ndimi. Akaandika tumbo kuu. Majibu ya mtihani yakafuata lebo, na wanafunzi ishirini na sita waliojibu sawasawa wakakoseshwa.

Binti mmoja wa mwaka wa pili akagoma. Akamwambia profesa mbele ya watu kwamba yeye ameona msuli, na msuli haukuwekwa pale na mamake. Profesa akachungulia. Binti alikuwa na haki, alama zikarudishwa.

Kikao kikaitwa. Fundi Nta akasimama akasema kosa ni lake, hakuangalia. Hakusema kwa nini. Akapewa barua ya onyo, ya kwanza maishani mwake. Kwenye korido wakasema amezembea, wengine wakasema siku hizi anakunywa, kwa kuwa walimwona akigonga kiti. Mtu ambaye hata soda humaliza nusu! Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Sisi alituumbua ng'ombe.

Nilitaka kusema siku ile ile. Akanishika mkono kwenye mlango wa stoo. Wakijua macho yameondoka, akasema, wataniondoa wiki hii, na ngamia hakuna atakayemmaliza. Na wewe, mwosha vyombo unayeshika hadubini, watakuacha? Nikanyamaza. Miezi saba nimewapikia chai watu waliomwita mlevi, na nikawaongezea sukari. Hilo najilaumu.

Ngamia amekwisha. Kabati limejaa. Kwa hiyo ninaandika, na ruhusa sikumwomba. Jicho lililokosea ni langu. Barua ile itolewe kwenye faili lake na iwekwe kwenye langu, mimi nimebakiza mwaka mmoja, sitakufa kwa karatasi. Waliosema anakunywa wanajijua. Siku ya kumuaga, kabla ya kupanga foleni ya kupiga naye picha, wamtangulizie samahani, na waiseme kwa sauti, maana kuinamisha kichwa hatawaona.

Kioo cha mwisho tulikitazama Jumanne iliyopita: tumbo la kwanza la ngamia, lenye vifuko vidogovidogo. Sikuwa nimemaliza kueleza akataja jina. Kisha akakaa na penseli yake, akaniuliza jambo ambalo hajawahi kuniuliza: “Ni kizuri, Bibi?” Mimi machozi yalikuwa yameshanitangulia, nikamkaripia aache maswali ya kitoto aandike lebo.

Kwa niaba ya idara, tunakushukuru wewe, mkeo kwa kutuazima mume miaka yote hii, na watoto wako waliozoea baba anayenuka dawa. Mungu akupe siku ndefu, kikombe cha moto na mtu wa kukusomea habari. Na hii atakusomea mkeo, kwa hiyo nakujibu hapa, asikie na yeye. Ni kizuri, Fundi. Zambarau imekolea, waridi imetulia, hakuna mkunjo hata mmoja. Vyote vilikuwa vizuri.