Simioni Heche na Namba Elfu Moja na Saba

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti. Jumanne tulimzika Simioni Heche wa Kewanja, mtu wa miaka sabini na mmoja. Simioni Heche, aliyetunza kompyuta ya kikundi cha wachimbaji wadogo.

Mtakumbuka miaka ile dhahabu ilipowatoa watu mashambani. Kila wiki shimo jipya, na kila shimo na ugomvi wake. Kikundi kikanunua kompyuta, orodha ya wenye mashimo ikaingizwa humo. Simioni alikuwa amejifunza kazi hiyo kwenye masomo ya jioni pale Tarime mjini, akiwa na wajukuu tayari. Mashine yake haikuwa na picha za kubofya. Kioo cheusi, herufi nyeupe. Unaandika amri, inatii. Yeye ndiye aliyemfungulia kila karani jina la kuingilia na nywila. Yeye ndiye aliyefuta. Na hakuwa mtu wa kutulia. Akishafunga ofisi anarudi kuutikisa mlango, mara mbili, mara tatu.

Karani Okinyi alipohamia Sirari kwenye kazi ya mizigo mpakani, Simioni alifuta jina lake. Mafaili yake akayaacha. Siku tatu baadaye akamfungulia karani mpya, Marwa.

Sasa sikilizeni vizuri. Mashine ile haimjui mtu kwa jina, inamjua kwa namba. Okinyi alikuwa wa mwisho kuandikishwa, namba elfu moja na saba. Alipofutwa, namba ikabaki wazi, Marwa akapewa ileile. Namba ileile. Basi mafaili yote ya Okinyi, pamoja na orodha ya mashimo, yakawa ya Marwa kuyabadilisha atakavyo, bila kikundi kumruhusu.

Simioni aliliona hilo siku ya kwanza, akafurahi. Kwetu Ukuryani anayerithi boma anarithi na zizi. Akadhani mashine nayo ina adabu hiyo.

Wiki ya pili akaja Eunice, mjane wa kijiji cha Genkuru.

"Shikamoo mzee. Nimekuja kuuliza, shimo langu limehama?"

"Marahaba. Shimo linahamaje, mama?"

"Wanasema kwenye kompyuta ni la mjomba wake Marwa. Wameshaleta kamba na ndoo. Mimi nina watoto wanne na shimo hilo tu."

Akaandika amri, akatazama. Orodha ilibadilishwa Jumatatu. Mwenye faili, Marwa.

Nakala ya zamani alikuwa nayo, maana kila Jumamosi aliihifadhi orodha kwenye diski. Lakini kuitoa ilikuwa kueleza kosa lake, na kwa kosa hilo mashine ingeondoka mikononi mwake. Mkewe, mama Robi, ametuambia: "Siku mbili chakula kilipoa. Anazunguka zizi kama anatafuta ndama. Nikamwuliza, umepoteza nini? Akasema, bado."

Siku ya tatu alisimama mkutanoni, diski mkononi, akaeleza yote. Mwenyekiti Waitara akamchokoza.

"Mzee Simioni, si ulituambia mashine yako haidanganyi?"

"Haikudanganya. Ilifanya nilichoiagiza. Mimi ndiye niliyeagiza vibaya."

"Na masomo yote yale ya jioni?"

"Somo hili walikuwa hawajalifikia. Nimefundishwa na huyu mama."

Watu wakacheka, yeye hakucheka. Eunice alirudishiwa shimo lake. Marwa akaondolewa. Na nywila kuu, ile inayotawala mashine nzima, kikundi kikaamua iende kwa katibu, Everlyne.

Simioni mwenyewe alimkalisha binti yule mezani, akamwonyesha amri ya kuibadilisha nywila hiyo. Kisha akageukia ukutani, mikono nyuma, akasimama hivyo mpaka Everlyne alipomaliza kuandika.

Mama Robi, watoto, wajukuu, na ninyi jirani wa Kewanja, poleni sana. Redio hii inalia pamoja nanyi.

Nasi tuliobaki, kila mmoja ajiulize akiwa peke yake: kuna kosa gani ninalolijua mimi tu, na ni nani amesimama mlangoni kwangu akilipa gharama yake? Tukae kimya kidogo, tumkumbuke Simioni Heche.