Masomo Kumi na Mawili Kwenye Sinia

Jumapili baada ya misa ya pili, upepo wa ziwa ulikuwa umepanda taratibu hadi Mkolani, na watu wa benchi la mzee Maige, muuza kahawa, walikuwa wakiongea polepole kama walioamka sasa hivi. Mwalimu Ishengoma peke yake hakuwa na raha. Kesho kidato cha kwanza kinaanza katika sekondari mpya ya parokia, na Sista Renatha, mkuu wa shule, alitaka ratiba mezani asubuhi: masomo kumi na moja, si kumi na mawili. Moyoni Ishengoma alijua somo litakalochinjwa ni uimbaji, na ilimuuma, maana uimbaji ndio uliomfanya aipende shule utotoni. Basi akapanga kashata kumi na mbili kwenye sinia, akazitaja moja moja: dini, hisabati, Kiingereza, biashara, hadi ile ya pembeni, uimbaji.

— Nisaidieni jamani. Tutoe ipi?

Mayala, waliyemwita Soko Huria kwa kuona biashara kila mahali tangu serikali itoe ruksa ya biashara, alijichukulia moja.

— Historia ya nini? Yaliyopita si ndwele. Weka kompyuta!

— Na umeme? aliuliza Ishengoma.

— Ukiona kompyuta imefika, umeme utaona haya, utakuja wenyewe. Mtaka cha uvunguni sharti ainame!

Machibya, aliyetoka seminari kidato cha pili na kubaki na jina la Askofu, alitafuna kashata yake kwanza.

— Shule ya Kikatoliki inalea mtu mzima: roho, akili na mwili. Weka Kilatini.

— Kilatini kinalea mwili? aliuliza Ishengoma.

— Ukikisali vizuri, njaa inapotea njia.

Mzee Maige aliongeza kahawa, naye akaokota kashata.

— Na ziwa je? Mtoto anaijua mito ya Ulaya, upepo wa Busisi haujui. Pandisheni shule kwenye kivuko cha kutoka Kigongo kwenda Busisi. Kigongo hisabati, katikati ya maji dini, Busisi Kiingereza.

— Sangara wakipita, biolojia! alidakia Soko Huria.

— Na kisitie nanga, alisema Askofu. Haraka haraka haina baraka. Wahitimu humo humo majini.

Ishengoma alikiona kivuko hicho akilini. Madawati sitahani, mashati meupe yamejaa upepo, na nafasi ya kila somo, hakuna la kuchinjwa. Alicheka, akatafuna kashata moja baada ya nyingine pamoja na wenzake, akamsahau Sista kabisa.

Mama mmoja alisimama mbele yao.

— Shikamooni. Naitwa Ng'washi. Mwanangu Suzana anaanza kesho. Nimeambiwa mwalimu anapanga masomo hapa.

— Marahaba, mama. Ndiyo haya.

Ng'washi aliinamia sinia.

— Hiyo moja iliyobaki ni somo gani?

Soko Huria alimtazama Askofu. Askofu alijifuta midomo. Mzee Maige alitikisa birika, lilikuwa tupu. Ishengoma aliangalia pembeni mwa sinia, pale pa uimbaji. Palibaki chenga za karanga, na chenga nyingine zilikuwa vidoleni mwake mwenyewe. Aliona aibu kweli.

— Nilikuwa nakula tu, mama. Sikuangalia. Suzana anapenda nini?

— Kuimba. Tangu nilipokuwa nikimbeba mgongoni. Au hakufundishwi?

Ishengoma aliisogeza ile kashata, ya biashara, hadi pembeni.

— Biashara ijibanze kwenye hisabati, alisema. Hii ni uimbaji.

Hakuna aliyenyoosha mkono kuichukua.