Filamu ya Raha, Itafunguliwa kwa Maombi

Ndani ya basi la kwenda mtaa wa Braamfontein, mama Mkenya aliyejifunga kitambaa cha kanisa alikuwa akimweleza mzee wa Kitanzania aliyeketi kando yake kwamba filamu ya binti yake, Lorraine, inaonyeshwa chuoni jioni hiyo. Nilikuwa nyuma yao, nikitazama simu iliyozimika zamani.

"Ile ya msichana anayezunguka kutafuta starehe?" mzee akauliza. "Mwanangu Mahmoud kaigiza humo, akanionyesha nyumbani. Mama, ni pombe na ngoma mwanzo mwisho!"

Mama akakaza kitambaa chake. "Eish! Na nimealika akina mama wote wa kanisa. Pasta ndiye atafungua kwa maombi."

Mzee alicheka hadi akashika kofia. "Basi aombe kwa kirefu!"

"Na mwishowe huyo msichana anapata nini?"

"Hapati kitu. Kunakucha, yuko peke yake, anauliza raha yote ile ilikuwa ya nini. Filamu inaishia hapo, jibu hakuna. Mahmoud akanigeukia: baba, wewe ungemjibuje?"

"Ukamjibu?"

"Nilikosa usingizi, mama."

Mama akanyoosha mgongo. "Pasta wetu akihubiri, watu husinzia. Binti yangu amekukosesha usingizi wewe, mzee mzima, tena Mwislamu!"

"Lakini ile pombe..."

"Hiyo pombe nitamuuliza nyumbani."

Basi liliposimama, mama alishuka simu ikiwa sikioni. "Pasta, usichelewe. Nimekuwekea kiti cha mbele kabisa."