Saruji ya Ndugu Vitalis Abeli

Kosa wanalofanya wengi kwenye nyumba za zamani ni kudhani kwamba ukuta ukichubuka, dawa yake ni saruji. Naanza na kosa hilo kwa sababu Ndugu Vitalis Abeli, anayestaafu leo, Ijumaa tarehe 28 Novemba 2025, baada ya miaka thelathini na tisa ya ufundi katika Hoteli Barazani hapa Kilosa, ameomba tuanze nalo. Tulipomwambia kwamba siku ya kuagana husemwa mazuri tu, alijibu, "Basi msisome kitu. Nitakula pilau niende zangu."

Nieleze kidogo. Jengo hili lilijengwa kwa ajili ya abiria wa treni na mameneja wa mashamba ya mkonge. Lina baraza pande tatu, dari ya juu, na madirisha yanayotazamana ili upepo upite. Mkonge ulipoanguka likawa ofisi za ushirika, baadaye baa, kisha gesti. Leo mbele kuna duka la dawa na wakala wa kutuma pesa, na vyumba vya nyuma hulala wafanyabiashara wa mpunga na ufuta kutoka Msowero. Kuta ni za mawe ya mtoni yaliyofungwa kwa udongo na kupakwa chokaa. Ukuta wa namna hii hunywa maji wakati wa mvua na kuyatoa kiangazi. Ukiuvika saruji, maji hupanda kutoka chini na kukosa pa kutokea. Udongo wa ndani unakuwa uji, na nje ukuta unapendeza.

Haya Vitalis aliyajua. Alifika mwaka 1986 akiwa na miaka ishirini na moja, akafundishwa na marehemu Mzee Lazaro kuchanganya chokaa na kuupima ukuta kwa kuugonga na kusikiliza. Kila asubuhi aligonga. Mgeni mmoja aliyekuwa akielekea Mikumi aliitika kutoka chumbani, "Ingia, mlango uko wazi." Vitalis akamjibu, "Endelea kupumzika, bosi, nazungumza na ukuta." Hadithi hiyo ilituchekesha miaka mingi.

Mwaka 2018 wahandisi wa reli mpya walitaka vyumba vya kupanga. Meneja wetu wa wakati ule, Bonifas, alitaka kuta za nyuma ziwe nyororo ndani ya wiki moja. Vitalis alimweleza habari ya udongo na maji. Bonifas akamwambia, "Mzee, hawa watu hawalipi ili waangalie chokaa inayobanduka. Kama huwezi, nitaita fundi mwingine." Vitalis alikuwa na watoto watatu shuleni. Akachanganya saruji kwa mikono yake, akapaka chumba cha kufulia nguo na kuta zote za nyuma. Kazi ilisifiwa.

Masika ya mwaka uliofuata, saa nne asubuhi, ukuta wa chumba cha kufulia ulilala wote kwa pamoja. Dobi wetu, Irine, alikuwa ndani akipiga pasi mashuka. Tulimtoa akiwa tayari amefariki. Mazishini mama yake alimshika Vitalis mkono na kumshukuru kwa kuchimba kifusi kwa kucha. Vitalis anasema hakuna neno alilowahi kuambiwa likamwumiza kama lile.

Tangu hapo amekuwa akibandua saruji yake mwenyewe, kipande kwa kipande, na kurudishia chokaa. Kazi hii haiendi haraka, maana ukuta uliolowa hauwezi kufunuliwa wote kwa mara moja. Amemaliza kuta nne. Umebaki mmoja, ule mrefu wa vyumba namba tisa hadi kumi na mbili. Ukigongwa unalia kama debe tupu, na chini umetoa chumvi nyeupe. Kila mvua zilipoanza, Vitalis alivifunga vyumba hivyo kwa kufuli na kukaa na funguo mfukoni, uongozi ukanung'unika na kumwachia.

Jumatatu alikabidhi funguo, kama mstaafu yeyote anavyotakiwa. Jumanne vyumba vilifunguliwa. Jana mvua ilinyesha mchana kutwa, na wageni saba walilala humo. Meneja wa sasa, Nickson, ambaye ni kijana msikivu, alimwambia kwa heshima, "Shikamoo mzee. Nimekusikia, lakini soko limejaa wafanyabiashara, tuvumilie hadi Jumatatu." Vitalis aliitikia marahaba.

Ndugu Vitalis, asante kwa miaka yote, na asante zaidi kwa kukataa tukusifie nusu. Nenda Ruhembe kwa wajukuu ukapumzike, na Mungu akupe afya na usingizi mzuri hata mvua inaponyesha.

Wenzangu mliokaa hapa: leo hii, kabla hatujapakua chakula, twendeni wote tukawahamishe wageni wa vyumba namba tisa hadi kumi na mbili, na mizigo yao.