Mwalimu Yunisi na Darasa Lililohamia Zambia

Miaka thelathini na miwili ya chaki inafika tamati Juni 30, 2025, siku ambayo Mwalimu Yunisi Mwampashi anastaafu kufundisha Hisabati hapa shuleni kwetu, Tunduma.

Alizaliwa Itaka, Mbozi, kwa wakulima wa kahawa. Alipofika hapa alikuta kila mwanafunzi ana sababu yake ya kuikimbia Hisabati. Mmoja aliapa kuwa ukoo wao mzima hauna damu ya hesabu. Mwingine alishikwa na tumbo kila kipindi kilipoanza, akapona kengele ya chakula ilipolia. Waliobaki walisema hesabu ni za wenye vichwa vyao, wao wanatafuta maisha.

Mwaka 2012 Kidato cha Pili wakagundua dawa kubwa zaidi. Nyuma ya shule lipo jiwe la mpaka. Wakiongozwa na Enesi Kibona, binti wa kijiji cha Ibaba asiyeishiwa maneno, waliruka uzio na kwenda kusimama upande wa Zambia. Mwalimu alipowafuata, Enesi alimwamkia shikamoo vizuri kabisa, kisha akamweleza kwamba wao sasa wako nchi nyingine na mamlaka yake yanaishia kwenye jiwe. Mimi, mwalimu wa Jiografia, niliitwa kuthibitisha. Ningefanyaje? Nilithibitisha.

Mwalimu Yunisi hakumchapa mtu. Alirudi kuchukua ubao mdogo, akauegemeza kwenye jiwe upande wetu, akaanza kufundisha milinganyo. Wanafunzi wa Nakonde, mji wa ng'ambo Zambia, waliokuwa wakitoka shule wakasimama kutazama. Akawasalimia "mulishani" kwa lugha ya kwao, akaendelea. Alipouliza swali, mmoja wao akanyoosha mkono na kupata. Jamani, aibu iliyoje! Enesi hakukubali taifa lidhalilike. Naye alinyoosha mkono, lakini ili aandike jibu ubaoni ilibidi avuke arudi Tanzania. Akavuka. Alikosa, akaomba swali jingine.

Tangu hapo, kila Ijumaa kipindi kilikuwa jiweni, Tanzania na Zambia, na wagonjwa wa tumbo walipona wenyewe. Katika mtihani wa taifa ufaulu wa darasa lile katika Hisabati uliupita wa Jiografia yangu. Sijapoa hadi leo.

Mwaka huu, hata hivyo, kicheko kilimwisha Mwalimu. Hakukuwa na wa kumrithi. Walimu wawili waliripoti, wakaona vumbi na malori ya mpakani, wakaaga. Alisema waziwazi kwamba anaogopa kuwaachia watoto ubao mtupu, na siku moja alilia ofisini mbele yetu sote. Tuliumia naye.

Aprili akaripoti mwalimu mpya wa Hisabati. Ni Enesi Kibona. Wiki yake ya kwanza tu, Kidato cha Pili kikatoweka chote. Mkuu wa shule, Mwalimu Boazi, alitoka mbio kumtafuta Enesi ampe habari hiyo, akamkuta yuko jiweni tayari na ubao wake, anafundisha. Kweli, mtoto umleavyo. Mwalimu Yunisi aliwatazama kupitia dirishani, akacheka hadi akafuta machozi, kisha akaanza kufungasha vitu vyake.

Asante sana, Mwalimu wetu. Nenda Itaka ukachume kahawa kwa raha na afya, ulale usingizi mnono. Jiwe lina mwenyewe.

Hezron, kwa niaba ya walimu wenzako